Wimbo Ambao Aanyu Hakuuimba

Watu wa Sikuda, upande wa Uganda karibu na mpaka wa Kenya, walipotaka kuozesha, kubatiza au kuzika, walimwita Olupot. Alikuwa mtunzi wa nyimbo za watu ambao redio haiwataji: bibi harusi wa Buhehe, mwalimu anayestaafu, mzee aliyeaga akiacha ng'ombe wake zizini. Hakuanza na ala. Alianza na maswali. Alikuja nyumbani kwenu, akapewa kiti na chai, akauliza bibi harusi aligombana na nani utotoni, au marehemu alimwita kwa jina gani yule ng'ombe aliyempenda. Kisha alirudi kwake kwenye akogo, kile kinanda kidogo cha mbao na vyuma ambacho Wateso hukipiga kwa vidole gumba, na baada ya siku kadhaa wimbo ulikuwa tayari, nusu Kiteso, nusu Kiswahili, ili wageni wa upande wa Kenya nao wasiachwe nje.

Ila tuseme ukweli. Waliyemngojea watu hasa hakuwa Olupot. Walimngojea dada yake.

Aanyu alikuwa mkubwa kwake, akiuza mukene, vile vidagaa vikavu, katika soko la Busia. Hakuwahi kujiita mwimbaji. Kazi yake ilikuwa kuitikia: Olupot anatoa ubeti, yeye anaudaka na kuupeleka mahali ambapo kaka mtu hakufikiria. Alikuwa na sauti nzito kidogo, yenye mkwaruzo, kama ya mtu aliyetoka kulia sasa hivi, au kucheka. Wanaume waliojikaza tangu asubuhi walianza kutafuta leso mfukoni.

Sauti hiyo ililelewa na shangazi yao, Akurut, aliyeolewa Nabuyoga, wilaya ya Tororo, kwa Wajopadhola. Mama yao alipofariki wakiwa bado wadogo, Olupot alibaki na baba, shangazi akamchukua msichana. Walipopalilia mihogo, shangazi alianzisha wimbo mwanzo wa tuta, akamwachia mtoto aumalizie mwisho wa tuta. Huo ndio uliokuwa ufundi wote alioupata Aanyu.

Baadaye Olupot alifungua studio mjini, chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, kuta zimebandikwa trei za mayai ili zimeze mwangwi. Humo alimrekodi dada yake kwa miaka. Ngoma ilipigwa na Emojong, rafiki yake wa tangu shule. Hawakuwa matajiri, lakini Jumamosi bila mwaliko ilikuwa nadra.

Kisha siku moja akaingia Daphine, msichana aliyekuwa akijiandaa kuolewa, na simu mkononi.

"Mzee, wimbo ninao tayari," alisema. "Nataka uusafishe tu, siku ya harusi utoke vizuri kwenye spika."

"Nani ameimba?"

"Hakuna mtu. Ni hii akili bandia. Unaandika maneno, unaiambia unataka mtindo gani, inaimba yenyewe."

Olupot akausikiliza. Gitaa, ngoma, sauti ya mwanamume laini kama siagi. Ilipofika kwa jina la bibi yake Daphine, sauti ile ikalitamka kigeni, ikalivunja katikati. Olupot akacheka.

"Mwimbaji huyu hamjui bibi yako."

"Lakini bibi amelia alipousikia," Daphine akasema, bila ubaya wowote.

Neno hilo lilimchoma. Mwezi haukuisha kabla hajajifunza kuitumia programu ile mwenyewe. Mwanzo aliitaka impigie ngoma tu. Emojong akaambiwa apumzike kidogo, na akapumzika moja kwa moja. Halafu ikampa na muziki wote. Olupot akaacha kwenda kunywa chai za watu. Wenye shughuli wakawa wanamtumia majina kwa simu, na jioni wanapata wimbo wao. Kazi ya wiki ikawa ya alasiri moja.

"Jumamosi tunakwenda wapi?" Aanyu alimuuliza kwa simu.

"Safari hii wametaka kitu kidogo tu, dada."

Jumamosi iliyofuata jibu likawa hilo hilo. Ikafika wakati Aanyu hakuuliza tena, na Olupot akadhani amezoea.

Wenyeji ndio hawakuzoea. Walikuwa wakisema, wimbo ni mzuri, mbona yule mama hayumo? Olupot alikuwa na rekodi za Aanyu tele kwenye kompyuta. Akailisha programu rekodi hizo, ijifunze sauti. Sauti ya dada yake ilipotoka kwa mara ya kwanza ikiimba maneno ambayo dada yake hajapata kuyaona, aliinuka akaenda kufunga mlango, kama mwizi. Alipokwisha kuufunga akasikiliza tena. Ilikuwa nzuri. Akajiambia, huyu ni dada yangu wa tumbo moja, atakasirika kwa lipi? Nitamwambia Jumapili baada ya ibada. Jumapili zikapita, na sauti ya Aanyu ikaendelea kuzunguka kwenye harusi za watu wakati mwenyewe yuko sokoni anachambua mukene.

Hapo ndipo Shangazi Akurut alipofariki.

Herbert, mwanawe wa kwanza, alipiga simu kutoka Nabuyoga. "Ndugu yangu, mama alikuwa wenu kabla ya kuwa wetu. Tunaomba wimbo wa upande wenu."

Wiki hiyo Olupot alikuwa na harusi na sherehe ya shule juu yake. Aanyu alikuwa ameshatangulia msibani, yumo jikoni na wanawake. Ingetosha kumpigia simu. Badala yake aliketi, akaandika mistari aliyoikumbuka kumhusu shangazi, akaiachia mashine imalizie, akachagua ile sauti.

Siku ya mazishi watu walijaa uani hadi kwenye migomba. Jeneza lilikuwa chini ya turubai. Olupot aliketi nyuma ya mitambo, na zamu ilipofika Herbert akashika maiki. "Sasa watu wa kwao marehemu, pamoja na binti aliyemlea, watuimbie."

Olupot akainama, akabonyeza. Alipoinua kichwa, akamwona Aanyu. Alikuwa ametoka kwenye mkeka wa wanawake, amejifunga leso kiunoni, amefika mbele ya jeneza. Alikuwa ameshavuta pumzi, na midomo imeshaachana.

Sauti yake ikatoka kwenye spika kabla hajaitoa yeye.

Akafunga mdomo. Akageuka polepole kuitazama spika, kama mtu anayeitwa kwa jina na asiyemjua. Mkono wa Olupot bado ulikuwa juu ya kitufe. Angeweza kuuzima wimbo ule. Miaka yote iliyobaki atalikumbuka hilo, kwamba mkono ulikuwa pale pale. Lakini watu walikuwa wameshaanza kulia, Herbert amejifunika uso, na Olupot akaona kuuzima ni aibu. Akauacha uishe.

Ajuza mmoja mkekani akauliza kwa sauti, "Aanyu, wewe unaimba mdomo umefunga?"

Baada ya maziko watu walimwendea Aanyu mmoja mmoja kumpa mkono. Umemwimbia shangazi yako vizuri, walisema. Umetuliza. Naye alimjibu kila mtu, asante.

Olupot alimkuta nyuma ya jiko akisugua sufuria kwa majivu. Alisimama kando yake.

"Dada, nilitaka kukuambia."

"Uliitoa wapi?"

"Kwenye rekodi zetu. Zile za studio. Programu inajifunza sauti, halafu..."

"Umeitumia mara ngapi?"

Olupot akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Aanyu akatikisa kichwa, akaendelea kusugua.

"Nilikuwa na wimbo wa shangazi," akasema baadaye. "Nilianza kuutunga siku alipozidiwa, nimekaa naye pale kitandani. Yeye mwenyewe alinipa mstari wa kwanza."

"Uimbe sasa. Niende niwashe maiki, watu bado wapo. Tafadhali."

"Ameshafunikwa, Olupot. Nimwimbie nani?"

"Basi niimbie mimi."

Hapo ndipo Aanyu alipomtazama. Macho yake hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomvunja Olupot kuliko kama angemrushia sufuria.

"Wewe unayo sauti yangu," akasema. "Mwambie huyo akuimbie."

Olupot aliporudi Busia alifuta rekodi zote za dada yake, moja baada ya nyingine. Haikusaidia kitu. Nyimbo alizokwisha kuziuza zilikuwa kwenye simu za watu, huyu amemtumia yule, zimevuka mpaka zikaingia Kenya, na nyingine alizisikia kwenye vibanda vya chipsi zikiwa zimebadilishwa maneno na watu asiowajua. Wateja nao hawakudumu. Kila mwenye simu alitambua kwamba wimbo wa harusi anaweza kujitengenezea mwenyewe kitandani. Leo studio ile ni ya kukodisha spika na viti. Alimfuata Emojong ili warudie ngoma. Emojong alimkaribisha vizuri, akampa chakula, akamwambia ngoma aliiuza.

Aanyu hakumkatia undugu. Kaka yake alipougua malaria alimletea uji. Kanisani huketi katikati ya waumini, na nyimbo zinapoimbwa yeye hufungua kitabu na kukitazama. Olupot alimuomba mara nyingine, kwa upole, ampe hata ule mstari wa kwanza tu, ambao shangazi aliusema kitandani. Alijibu kwamba ameusahau. Huenda ni kweli. Olupot hajui, na hana njia ya kujua.

Siku hizi, kazi ikikosekana, huenda sokoni akaketi karibu na meza ya dada yake. Huzungumza juu ya mvua na bei ya sabuni. Juzi alikuwa pale, akimsaidia kutoa mchanga kwenye mukene, alipofika mama mmoja mteja, mgeni kutoka upande wa Kenya. Aanyu akamtajia bei, akamsifia samaki wake, wakabishana kidogo kama ilivyo ada. Yule mama akaacha kubishana, akamkazia macho.

"Mama, sauti yako hii nimeisikia wapi? Si wewe uliyeimba kwa harusi ya mdogo wangu?"

Olupot aliinamisha kichwa kwenye sinia.

"Si mimi," Aanyu akasema, akimfungia mukene kwenye gazeti. "Sauti za watu hufanana."

Yule mama alilipa, akasema hata hivyo wimbo ule ulikuwa mtamu sana, akaenda zake. Aanyu akachukua kopo la kupimia, akaanza kupanga upya mafungu mezani. Olupot akaendelea kutoa mchanga.