Mguu wa Jumapili

Juma hili tumemzika tata mmoja, kama tunavyowaita wanaume kwa heshima, aliyekuwa akiziba matairi ya pikipiki kando ya soko, huku kwetu Manika, mjini Kolwezi. Wengi wenu mlimpelekea gurudumu, akawatania huku akilizamisha katika beseni. Shimo la kuchimba kobalti liliporomoka likamponda mguu zamani, daktari akaukata chini ya goti, naye akapona. Hakuuawa na shimo. Ameuawa na kidonda kilichoanzia ndani ya mguu wa bandia, na ndiyo maana leo naandika kwa hasira.

Mguu ule alikabidhiwa hadharani na watu wa mradi mmoja wa msaada, kwa hotuba, muziki na kamera. Lakini kazini niliendelea kumwona na magongo yake ya zamani. Nikamwuliza mguu uko wapi, akacheka. "Tata, ile ni muguu ya dimanche! Nikiivaa huku mu mafuta na bulongo, itaharibika. Batanipa ingine?" Mguu wa Jumapili, basi, si wa udongo na mafuta: alikuwa ameufunga kwa kitenge, akauweka juu ya kabati karibu na viatu vya misa. Nani atamlaumu? Kitu kizuri, sisi hukitunza hivyo.

Sasa tueleweshane polepole, maana mguu wa bandia si kiatu. Kigutu, yaani sehemu inayobaki baada ya kukatwa, hubadilika: huvimba, hunywea, na ngozi yake huumia upesi. Huzoezwa kila siku, kidogo kidogo, na jioni mtu huvua na kutazama kama pana wekundu. Kikinywea, mguu hucheza na kusugua, na fundi lazima aurekebishe. Haya si elimu ya siri. Yangeweza kusemwa kwa Kiswahili siku ileile, kabla ya muziki. Hakuna aliyeyasema.

Kisha baba mkwe wake akafariki kule Tenke. Mkwe hakai kitako kwenye kilio cha ukweni. Hupokea watu, hubeba maji, husimama. Akajaza matambara ndani ya mguu wa Jumapili ili ukaze, akauvaa tangu alfajiri mpaka watu wakarudi kutoka makaburini. Mke wake alimwona anauma midomo.

"Vua, baba batoto."

"Nivue mbele ya bashemeji? Bataniseka mpaka kule Kasaji!"

Alirudi Kolwezi kigutu kimechubuka. Akaenda kwa waliompa mguu. Mlinzi wa langoni akamtazama toka juu hadi chini: "Tata, muguu si balikupa? Sasa unatafuta nini tena?" Wa ndani wakamwambia mradi umekwisha. Akarudi nyumbani, akauvaa tena kwenda misani kwa sababu mwingine hakuwa nao, na kidonda kikaoza mpaka kikamchukua.

Picha yake ingali ukutani katika ofisi ile. Nimeiona juzi: amesimama, anatabasamu. Kwao kazi ilifanikiwa.

Basi, kama nyumbani kwako kuna mwenye mguu wa bandia, jioni hii mwombe avue, mkitazame kigutu pamoja. Mtie moyo auvae kazini, kwenye vumbi na mafuta, uchakae kama vifaa vingine vya kazi. Ukianza kumuumiza, auvue, nawe umsindikize kwa waliompa, na msiondoke langoni mpaka fundi apatikane. Anayempa mtu mguu amekubali kuutengeneza kila unapoharibika. Asiyeweza hilo, asiite mpiga picha.