Jina Lako na Unakokaa

Msomaji wangu, mama aliyekuwa akiendesha mikutano ya matanga katika mitaa yetu ya Eastlands hayupo tena. Presha ilimwangusha dukani kwake Eastleigh, alikokuwa akishona sare za shule, na kabla hajafikishwa hospitalini alikuwa amekata roho. Nilipata habari kwenye kundi la mtaa, na nilipokuwa nikisoma rambirambi nikakuta, katikati ya pole nyingi, mtu asiye na jina wala sura ameandika: "Afadhali. Sasa maiki itapumzika." Chini yake wengine walikuwa wamecheka. Niliiweka simu mezani kwa hasira. Sikuwa rafiki yake wa karibu. Tulijuana kama wanavyojuana watu wanaozikiana.

Kwa wasiotujua, huku kwetu mtu akifariki, jamaa na majirani hukutana kila jioni hadi siku ya kusafirisha mwili, wakichanga na kupanga. Mikutano hiyo ina maneno mengi, na bila mtu wa kuishika vizuri huishia kwa ugomvi. Yeye aliishika. Sharti lake lilikuwa moja tu: kabla hujasema lolote, simama, taja jina lako na unakokaa. Nakumbuka jioni moja Mathare, sauti ya mwanamume ikatoka viti vya nyuma ikiuliza ni nani aliyempa mwanamke ruhusa ya kuwaamrisha wazee. Hakukasirika. "Simama, baba. Tuambie jina na place unakaa, alafu urudie hiyo swali pole pole, watu wa mbele hawajaskia." Yule bwana akasimama. Akataja jina, akataja anakokaa, na vichwa vikageuka, kwa sababu mama mkwe wake alikuwa ameketi safu ya mbele na kikombe cha chai mkononi. "Nilikuwa nauliza tu kama kuna sukari ingine," akasema. Tulicheka hadi wafiwa nao wakacheka.

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akifanya. Mtu akishataja jina na nyumba yake, matusi huwa mazito mdomoni. Lakini siku hizi mazungumzo yetu yamehamia mahali ambapo hakuna anayeambiwa asimame. Mwaka jana alikuwa akiongoza matanga ya dereva mmoja. Mashemeji walikuwa wameshaamua kila kitu, hata mahali pa kuzika, na mjane hakuwa ameulizwa. Mama wa watu akampelekea kipaza sauti pale alipoketi, akasema, "Huyu ndiye ameishi na yeye hii miaka yote. Tumskie kwanza." Mtu akarekodi. Kufikia asubuhi video ilikuwa imesambaa. Huko mtandaoni wakamwita mama malaya, wakamwita mvunja nyumba, wakaulizana ni nani aliyemuacha. Wengine wakaelezana namna ya kumtia adabu, kwa maneno ambayo gazeti hili halitayachapa, na hata likiniruhusu nisingeyaandika. Kisha mmoja akaweka picha ya geti lake la buluu kule Lucky Summer.

Nilienda kumjulia hali. Mlango ulikuwa na kufuli kwa ndani, mchana kweupe. Binti yake, anayesoma chuo, aliuliza mara mbili ni nani ndipo akafungua. Mama akanimiminia chai na kunionyesha ile picha. "Angalia. Huyu amesimama hapo kwa kiosk. Si mtu wa mbali, ndugu yangu. Pengine hata tunasalimiana." Nikamshauri apumzike kidogo mpaka mambo yapoe. Alinitazama kama fundi anavyomtazama mteja anayemfundisha kushona. "Nikinyamaza mimi, huyu atafungua mdomo wake wapi?" akauliza, akimwonyesha binti kwa kidevu. Macho ya binti yalikuwa dirishani, upande wa geti. Mama aliendelea kuongoza mikutano, ila tangu hapo alirudi nyumbani kabla ya giza, na hakupita njia ile ile siku mbili mfululizo.

Wiki iliyopita tulikutana kupanga mazishi yake, katika ukumbi ule ule alimozoea kusimama. Mjomba wa yule binti, mtu mwema kabisa, akatangaza kwamba yeye ndiye atakayesema kwa niaba ya familia, kwa kuwa mambo ya mtandao yamechacha na hataki mtoto aguswe. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Msichana akainuka. "Asante mjomba, lakini nitaongea mwenyewe." Papo hapo simu zikainuliwa, na sikuweza kujua ipi ni ya mwombolezaji na ipi ni ya yule wa picha ya geti. Msichana alishika kipaza sauti, akataja majina yake yote matatu bila haraka, kama alivyofunzwa. Kisha akafika sehemu ya pili ya sharti la mama yake, akanyamaza. Aliziangalia zile simu. Sote tulijua anakokaa, na sote tulijua kwa nini hawezi kupataja.

Hapo mama mmoja muuza mboga, jirani yao wa siku nyingi, akasimama. Akataja jina lake. "Na huyu msichana anakaa kwetu," akasema, akaketi. Mwanamke mwingine akasimama, akasema vivyo hivyo, na mwingine baada yake. Nilingoja mwanamume asimame. Hakusimama yeyote, basi nikasimama mimi, na baada yangu mjomba. Ndipo msichana akaendelea, akamsifu mama yake kwa sauti ambayo haikukatika.

Tuna katiba nzuri na sheria za kutosha, na wanasheria watazieleza kuliko mimi. Ila haki ya kusema haina maana ikiwa mwenye kuitumia lazima afiche nyumba yake, na sijui binti huyu ataweza kuvumilia hadi lini. Ninaogopa kwa niaba yake. Nilichojifunza ukumbini ni kwamba wanaotukana wamejificha, kwa hiyo sisi tusiotishwa na mtu ndio tunaopaswa kujitaja. Video ya msichana tayari inazunguka. Jana niliifungua, na chini ya matusi nikaandika jina langu kamili na mtaa ninaokaa, kisha nikaongeza: huyu anakaa kwetu. Wanawake kadhaa wameandika baada yangu. Mpaka ninapomaliza safu hii, bado namngoja mwanamume wa pili.