Nilivyotafuta Chuma mu Njia ya Bamama wa Samaki

Mucheke tu, miye mwenyewe nimeisha kujicheka. Niko fundi wa kuchomelea vyuma hapa Nchelenge, na kinywa yangu inashinda mashine yangu.

Juzi, pale bamama banashushia samaki, kipande ya njia mupya ya kupitia juu ya maji ya ziwa, ya manjano na yenye matundu, ilipasuka. Nikasema, "Muache miye. Leo mutapita."

Nikagusisha elektrodi, ile fimbo ya kuchomelea: hakuna cheche. Nikalaumu umeme. Nikajaribu tena, nikalaumu rangi.

Mama Chola, muuza samaki, akauliza, "Fundi, tupite mu maji tu?"

"Hapana, mama! Chuma iko chini ya rangi. Nitaifikia."

Nikawasha grainda, mashine ya kusagia chuma, nikasaga ile rangi. Vumbi nyeupe ikanifunika, mwili yote ikaniwasha, nikawa najikuna kwa mukono moja, nasaga kwa ingine. Kuacha? Miye? Bamama bakaweka mabeseni chini, banaangalia.

Nikasaga mpaka disiki ya grainda ikatokea upande ingine. Ndani mulikuwa nyuzi nyeupe tu, kama nywele za babu.

Mama Chola akainama, akanusa, akaangalia beseni yake ya plastiki.

"Fundi," akasema, "hii si ndugu ya beseni yangu?"