Mama Aliyechuma Kahawa kwa Mkono wa Kushoto

Nilimwagiza fundi anitengenezee kabati lenye nafasi ya inchi thelathini na mbili kwa upana, kisha nikanunua televisheni ya inchi hizo hizo. Ilipoingia, ikapwaya kama mtoto ndani ya koti la babu yake. Mjukuu wangu alicheka hadi akakaa chini. "Babu, skrini hupimwa kona kwa kona." Akaendelea na pikseli, sijui mwangaza, mimi naitikia kama mtu anayeelewa.

Enzi zetu pale Kihanga skrini ilikuwa shuka. Gari la sinema la serikali likifika, shuka linafungwa kwenye nguzo mbili, wakubwa wanakaa mbele na vibuyu vyao vya rubisi, pombe ya ndizi, sisi watoto tunasukumwa nyuma ya shuka. Huko picha ilionekana vizuri tu, ila imegeuka, kulia kuwa kushoto. Hakuna aliyetuambia. Tulidhani Wazungu wote wanaandika kwa shoto. Msimu wa senene, wale panzi tunaowala, taa ya mashine ya sinema iliwaita, nasi tulitazama kwa jicho moja huku tukidaka kwa mikono miwili.

Mwaka mmoja watu wa gari lile waliwapiga picha za sinema wachuma kahawa wa kwetu, mama akiwemo. Nilihesabu mavuno nikingoja zirudi. Ziliporudi, akatokea mwanamke mwenye kanga, anachuma kwa mkono wa kushoto.

"Mama yako yule," wenzangu wakasema.

"Mama yangu hana shoto," nikabisha, nikageuka kudaka senene wangu.

Ndipo nikasikia kicheko cha mama kule mbele, kile cha aibu, akiziba mdomo na kanga. Nikarudisha macho haraka. Kwenye shuka kulikuwa na bwana shamba ananyunyizia mibuni dawa.

Gari lilikuja tena, na picha nyingine. Ile haikurudi, na mama alifariki bila kuacha hata picha ya kitambulisho. Vijana wa leo wanapiga picha sahani ya ndizi kabla ya kuila. Mama zao wamejaa kwenye simu, na vijana wenyewe hawawatazami.

Juzi jirani yangu Ma Koku alikuja kuangalia taarifa ya habari, akanikuta nalalamika kuwa picha za siku hizi zimezidi kuwa safi, hazina utamu wa shuka. Akavuta kigoda, akaniambia:

"Ta Kato, televisheni haina kosa. Unamtafuta mama yako, na humo hayumo."