Zipu ya Mkwe

Fundi wetu wa cherehani alikuwa ameshonea watu nguo miaka thelathini bila kumwogopa mteja yeyote. Aliyemwogopa ni mkwewe tu. Si kwamba kijana alikuwa na ubaya, ni heshima. Kwao ilikuwa rahisi: mkwe akipita huku, mama mkwe anapita kule. Sasa binti akajifungua ughaibuni, katikati ya majira ya baridi, na fundi akasafiri kwenda kumsaidia kulea kwa miezi mitano. Akakuta nyumba yenyewe ni vyumba viwili, na ujia ambao watu wawili hawapishani mpaka mmoja arudi kinyumenyume. Nje theluji magotini, pa kukimbilia hakuna. Wakaishi hivyo hivyo, maneno yao yote yakipitia kwa binti kama kwa karani wa ofisi.

Alasiri moja binti alikuwa amempeleka mtoto kliniki. Mkwe akarudi kazini mapema, akaketi kwenye kochi na koti lake zito, zipu imepanda mpaka kidevuni. Fundi akangoja alivue. Wapi. Akamletea chai, akaiweka ukingoni mwa meza na kurudi nyuma haraka. Jamaa alipoinywa, jasho likaanza kumtiririka. Homa hiyo, fundi akajisemea, akaenda kuongeza joto la nyumba. Kisha akaleta blanketi.

Mkwe akashukuru, akajifunika. Adabu nayo huweza kumuua mtu.

Blanketi la pili lilipofika, uso wake ulikuwa umeshaiva.

"Mama," akasema akitazama zulia, "siumwi. Zipu imekwama."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi. Hata kazini nimeshinda na koti hili."

Fundi akalikunja tena lile blanketi la pili. Amvue mkwe koti! Lakini zipu ilikuwa kazi yake, na kazi haijui ukwe. Akaleta kipande cha sabuni na mkasi mdogo, akamwambia afumbe macho. Meno ya zipu yalikuwa yameuma kitambaa cha ndani. Akakinasua taratibu, akapaka sabuni, akavuta. Zipu ikashuka.

"Nani alikununulia takataka hii?" akauliza, kwa sauti ile anayowagombezea wateja.

"Binti yako, Mama."

Fundi akacheka mpaka akajikuta ameketi kwenye kochi lile lile.

Binti aliporudi alikuta dirisha wazi, mumewe na fulana anakunywa maji baridi, na mama yake anamsimulia habari za bwana harusi aliyekuja kupimwa suruali, akatoroka nayo na harusi akaiacha. Akauliza kuna nini. Wote wawili wakamwambia asubiri kidogo, hadithi bado haijafika kwa baba wa bibi harusi.