Mtoto Niliyemkana Mbele ya Nesi

Usiku ule nililala hasira imenifika kooni. Mchana wake, nesi wa kliniki ya selimundu alikuwa amethubutu kutuambia, mimi, mwanangu Idi na mkewe Zuhura, kwamba ugonjwa huo wa damu mjukuu wangu ameupata kwa wazazi wote wawili. Akapanga maharage mezani, mekundu na meupe, atuonyeshe jinsi unavyorithiwa. Nikayafagia kwa mkono.

"Mimi si wa chekechea! Nimejenga nyumba tatu kwa matofali niliyofyatua mwenyewe."

Hakukasirika. Aliuliza tu, taratibu: "Mzee wangu, ukooni kwenu hakuna mtoto aliyefariki mdogo, anaumwa mifupa, macho ya njano?"

"Hakuna."

Kwetu mtoto aliyekufa hatajwi. Nikaapa kesho yake Zuhura arudi kwao na ugonjwa wake, na nesi huyo nitamsemea kwa mkubwa wake mpaka akose kazi.

Basi nimelala, nikajikuta kwenye tanuru langu la kwanza, moshi unafuka, na dada yangu mdogo Mwajuma anakuja na ndoo ya maji kichwani. Alikufa ana miaka tisa. Macho yale yale ya njano. Nami na mvi zangu nikamfokea kama zamani: "Mvivu wewe! Tembea!"

Akatua ndoo. Akacheka.

"Kaka, mdomo huo bado unao?"

Tanuru halipo tena. Tumeketi kwenye benchi la kliniki, miguu yake haifiki chini. Ananishika mkono. Anaminya. Maumivu yanapanda mfupa kwa mfupa, kiwiko, bega, mgongo. Nalia aniachie. Haachii.

"Hivi ndivyo nilivyoumwa, na wewe unanichapa fito."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Sikufuata msamaha. Mama alifukuzwa kwa ajili yangu, mkasema kaniloga. Huyu mkweo naye akivuka mlango kwa kufukuzwa, nitakuja kila nikitaka. Nitaminya."

Nikaamka natweta, mkono umekufa ganzi. Kumekucha. Uani Zuhura anafunga kanga zake kwenye furushi, mtoto mgongoni, Idi kainamisha kichwa.

"Rudisha ndani vitu hivyo," nikamwambia.

"Baba, si jana uliapa?" Idi akauliza.

"Niliapa kwa uongo. Jiandaeni, twende kwa yule nesi. Kuna mtoto wa ukoo wetu sikumtaja. Anaitwa Mwajuma."