Ndoo ya Kwanza ni ya Ukuta

Mama yangu alianza kazi ya ujenzi kwa kubeba maji. Ndoo kichwani, ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, miaka kumi na moja. Lakini mama ana macho. Mafundi wakiweka miko chini waende kula, yeye anaokota mmoja, anajaribu kipande pembeni. Wakirudi hawajui nani kapiga plasta pale. Mwisho wakajua, na tangu hapo wakichoka humwachia ukuta mzima. Ila jina lake halikubadilika: mama wa maji.

Msimamizi tunamwita Honi, kwa sababu ya sauti yake. Mama alipomwomba amwandike fundi kwenye jengo jipya la wodi ya wazazi, Honi alicheka mpaka kofia ikamtoka.

"Cheti kiko wapi, mama? Mkono hauna mhuri! Lete cheti nikuandike. Huna, ndoo zile pale."

Ndipo ukaja mpango wa taifa wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini. Chuo cha ufundi kilifungua dawati, na hapo alikaa dada mmoja mshauri wa kazi, miwani puani, fomu mkononi.

"Shule umefika wapi, mama?"

"Darasa la nne."

"Na plasta umejifunza wapi?"

"Kwa kuangalia."

Nilidhani atacheka. Akaandika hivyohivyo. Kisha akaeleza polepole: ukuta mmoja, mita mbili kwa mbili, muda wa saa tatu, alama sabini ndiyo kupita. Asiyepita atasubiri mwakani. Mimi na mama tukatazamana. Mwakani wodi itakuwa imeshapakwa rangi.

Siku ya mtihani, jamaa za watahiniwa tulikaa nyuma ya kamba. Watahiniwa saba, wanaume sita na mama. Kuta saba za matofali ya saruji, zimeshinda juani wiki nzima. Kila mmoja akapewa mchanga, saruji, mwiko, kofia ngumu na ndoo moja ya maji. Mpimaji wa chuo akapuliza filimbi.

Wale sita wakaanza kuchanganya. Mama akainua ndoo yake, akaumwagia ukuta. Yote! Hakubakiza hata la kunawa.

"Jamani, mama anauogesha ukuta!" alipiga kelele fundi jirani yake, kijana mwenye mdomo kuliko mwiko. "Mama, umesahau sabuni!"

Watu wakaangua kicheko. Mama aliweka kiganja ukutani kama anayempima mtoto homa, akatikisa kichwa. Ukuta ulikuwa umeshakunywa maji yote, na bado una kiu. Akavua kofia ngumu, akasokota kitambaa kikawa ngata, akaenda bombani, ng'ambo ya karakana. Akarudi na ndoo kichwani, hakuna tone lililomwagika. Akamwaga. Akaenda tena. Akamwaga. Safari ya tatu akavua kofia tena kama zile mbili, na maji hayo akayaweka ya kuchanganyia.

Saa nzima imekwenda! Wenzake wamefika kiunoni, yeye hajabandika hata mwiko mmoja. Mzee aliyekaa kando yangu akaninong'oneza, "Mwanangu, mama yako amekuja kupiga plasta au kufua?"

Nilikuwa natafuna kamba ya mfuko wa mama.

Halafu akaanza. Nyie, mkono ule! Chap, chap, chap, plasta inaruka na kunata kama iliyoitwa. Rula ikapita, ikashuka, ikapita. Akateremsha timazi, akafumba jicho moja, akakwangua kidogo kushoto. Yule kijana alishamaliza, anajipepea na kofia yake. Mama bado yuko magotini, analainisha kona ya chini. Mpimaji akaweka filimbi mdomoni. Mama akafuta mwiko wake. Filimbi ikalia!

Mpimaji akatoa bonge la ufunguo, akaanza kugonga ukuta mmoja mmoja. Wa kijana ulilia kama debe tupu. Akagonga tena, na kipande kikubwa kikabanduka, kikamwangukia kijana miguuni.

"Tofali kavu limefyonza maji ya plasta," alisema mpimaji. "Haikushika."

Safari hii hakucheka mtu.

Kwa mama, ufunguo ulitoa sauti nzito, du, kama umegonga jiwe. Akagonga katikati, akagonga kona, akainama akagonga chini. Du. Du. Du. Moyo wangu nao hivyohivyo.

"Bila makato ya usalama, ungekuwa na tisini na moja," alisema. Kisha uso wake ukakunjamana. "Lakini ulivua kofia ngumu eneo la ujenzi. Mara tatu. Kila mara nakata tano."

"Mwalimu, ndoo haikai juu ya ile kofia."

"Na toroli lililoko pale bombani?"

Sote tukageuka. Toroli jipya kabisa, limeegemea ukuta. Mama akajishika mdomo. Miaka kumi na moja, nani aliwahi kumpa mama wa maji toroli?

Mimi nilikuwa nahesabu kwa vidole: themanini na sita, themanini na moja, sabini na...

"Sabini na sita," mpimaji akasema. "Umepita, fundi."

Niliruka kamba. Sijui niliirukaje. Hata yule mzee aliruka, na mama si wake!

Vyeti vilipotoka, mama alimpelekea Honi chake asubuhi mapema. Honi akakitazama mbele, akakigeuza nyuma, akaukwangua mhuri kwa ukucha. Halafu akajaza kifua.

"Mleteeni fundi maji!"

"Ndoo mbili," alisema mama, akifunga mkanda wa kofia ngumu kidevuni. "Ya kwanza ni ya ukuta. Na aletaye aje na toroli."